Ndege Walioondoka Manyoni

Jumatatu moja ya mwezi wa kwanza, Mzee Obadia alivaa koti lake la reli, akabana daftari kwapani, akaenda ofisi ya maliasili kutoa taarifa kwamba ndege wameondoka Manyoni.

Hakuwa mtu wa kuzua mambo. Miaka thelathini na moja aliitumikia reli ya kati, mingi kati ya hiyo kwenye vituo vidogo vya porini, ambako treni husimama dakika tano kisha ikakuacha na jua lako. Kazi ile ilimfunza kuangalia na kuandika: treni namba fulani imeingia saa fulani, imetoka saa fulani. Alipostaafu, mkono ulikataa kuacha kuandika, ila sasa badala ya treni aliandika ndege.

Daftari alilolifungua mezani kwa afisa lilikuwa la kumi na nne. Afisa mwenyewe alikuwa mwanamke kijana aitwaye Lucy, mgeni wilayani, na alisimama kumwamkia mzee kabla ya kumuuliza shida yake.

"Marahaba, mwanangu," alisema Obadia. "Tazama hapa. Mwezi kama huu mwaka juzi, chozi, wale wadogo wanaonyonya maua, wamekuja kwangu kila siku. Mwaka jana, siku ishirini na mbili. Mwaka huu hakuna hata mmoja. Shore hakuna. Mnana hakuna. Wamebaki dudumizi, hua na kunguru."

Lucy alipekua kurasa. Mwandiko ulikuwa umenyooka kama reli yenyewe. "Unawajuaje, mzee? Unawaona au unawasikia?"

"Nawasikia kwanza. Ndege unamsikia, ndipo unamtafuta. Mti ukinyamaza utatafuta nini?"

Lucy aliandika kidogo kwenye karatasi yake, akasema Jumamosi asubuhi atakuja mwenyewe kuangalia. Obadia akarudi nyumbani ameridhika. Njiani alikuwa ameshawahukumu wachoma mkaa kwa kumaliza miti. Alimkuta mkewe Cecilia uani anachambua choroko, akamsimulia yote kwa Kigogo, namna walivyozoea wakiwa wawili. Cecilia akasema jambo. Obadia akaitikia, "Eeh." Cecilia akamtazama kwa muda, kisha akarudi kwenye choroko zake.

Mapenzi hayo ya ndege yalianza zamani, mwaka ambao treni ya abiria iliharibika njiani na bwana misitu mmoja aliyeitwa Leonard akakwama siku mbili kituoni kwa Obadia. Siku ya kwanza Obadia alimwona amesimama juani, darubini machoni, akadhani anakagua reli. Akamfuata kwa woga wa mtumishi.  Bwana Leonard alimvisha tu mkanda wa darubini shingoni, akamgeuza kuelekea kwenye mgunga. Pale palikuwa na kwezi, ndege ambaye Obadia alimwona kila siku ya maisha yake na kumjua kuwa ni mweusi. Ndani ya darubini hakuwa mweusi. Alikuwa wa buluu, na ile buluu iligeuka zambarau alipopinda shingo. Tumbo lake lilikuwa na rangi ya chungu kipya, na jicho lilikuwa jeupe, la mtu aliyeamshwa ghafla.

Obadia aliona aibu kidogo, kama mtu aliyekaa na jirani miaka arobaini na leo ndipo anamuuliza jina. Bwana Leonard alipopata treni alimwachia ile darubini, kioo kimoja kikiwa na ufa, akasema ataleta nyingine. Hakurudi, wala Obadia hakuitaka nyingine.

Tangu siku hiyo treni kuchelewa hakukumsumbua tena. Ikichelewa saa sita, hizo ni saa sita za ndege. Wenzake walicheza bao, wakagombana kwa sababu ya bao. Yeye aligundua jambo lisilotaka mshindi wala mshindwa. Unakaa, unanyamaza, na kitu kinakuja au hakiji. Kikija, umepata. Kisipokuja, bado asubuhi umeipata. Alipenda zaidi kwamba hakujua kesho atakuja nani. Mtu wa reli anajua kila kinachokuja kabla hakijafika. Ndege hawana ratiba.

Basi Jumamosi ikafika, na Lucy akaja na pikipiki yake saa kumi na mbili na nusu. Cecilia akamkaribisha chai. Kisha mzee na afisa wakaenda kusimama nyuma ya nyumba, karibu na mkrismasi uliokuwa umewaka maua mekundu hadi kwenye matawi ya chini.

Obadia alisubiri Lucy aseme kwamba kweli pamekuwa kimya. Lucy hakusema. Alianza kugeuza kichwa. Aligeuka kushoto, akainua uso juu, akageuka nyuma kidogo, kisha kushoto tena, kama mtu anayeitwa na watu watatu kwa pamoja. Obadia alimtazama bila kuelewa.

"Mzee," Lucy aliuliza karibu na sikio lake, "yule anayelia pale juu, sauti kama cherehani isiyotiwa mafuta, ni nani?"

Obadia akainua darubini kufuata kidole chake. Chozi dume alikuwa kwenye ua, rangi yake ya kijani inang'aa, utepe mwekundu umepita kifuani. Alichomoa mdomo wake uliopinda kutoka kwenye ua, akainua kichwa, akapanua mdomo. Koo lilitetemeka. Obadia aliliona likitetemeka, manyoya yakipanda na kushuka upesi upesi, na mdomo ukifunga na kufungua.

Hakusikia kitu.

"Chozi," alisema.

"Kumbe wapo." Lucy alikuwa anatabasamu. "Labda walihama kidogo mvua ilipochelewa."

"Labda."

Walikaa pale saa nzima. Lucy aliandika aina kumi na moja, na kila mara alianza kwa kugeuza kichwa. Alipokuwa anawasha pikipiki alimshukuru mzee kwa kujali, akasema hizi ni habari njema. Obadia alikubali kwamba ni habari njema. Pikipiki ilipoondoka alikaa kwenye jiwe la kufulia.

Baba yake mzazi alizeeka akiwa kiziwi. Miaka ya mwisho alikuwa anawekwa kitini kwenye kila shughuli, anacheka wenzake wakicheka, mara nyingi amechelewa kidogo. Watu walichoka kurudia maneno, wakaacha kumwambia. Hata kifo cha ndugu yake alikijua alipoona vijana wanapita wamebeba majembe. Obadia alikuwa kijana wakati huo, na alikuwa mmoja wa wale waliochoka kurudia.

Akiwa juu ya jiwe lile alianza kupanga mambo, moja baada ya jingine. Pendo, binti yao aliyeolewa Mwanza, akipiga simu husikika kwa mbali, na Obadia huulaumu mtandao. Mchungaji mpya anameza maneno. Redio ilikuwa na betri dhaifu hata baada ya kuwekewa mpya. Birika lilichemka hadi likakauka, na yeye alikuwa amekaa hatua tatu kutoka jikoni. Ndege walikuwa pale pale walipokuwa siku zote. Aliyekuwa akiondoka, kidogo kidogo, ni yeye.

Jumapili hakutoka nje alfajiri. Jumatatu pia hakutoka. Aliiweka darubini kwenye sanduku chini ya kitanda, na daftari juu yake. Cecilia alimuuliza kama anaumwa, akasema ni uchovu. Alianza kula upesi na kwenda kulala mapema, maana mtu aliyelala haulizwi maswali.

Siku ya sita Cecilia alivuta kigoda, akakaa mbele yake, magoti kwa magoti, akamshika kidevu kama anavyoshikwa mtoto anayefutwa uso.

"Baba Pendo. Tangu lini hunisikii?"

"Nakusikia."

"Sasa hivi unanisikia kwa sababu nimekushika. Siku uliyotoka ofisini nilikuuliza nikupikie ugali au wali. Ukaniambia eeh."



Cecilia akaachia kidevu, akatazama pembeni, akasema jambo jingine kwa sauti ya chini. Midomo yake ilisogea kidogo tu.

"Umesemaje?"

Ilimbidi Obadia aulize tena, na hapo Cecilia akajaza kifua hewa na kulisema neno lile kwa sauti ya kuitia mbuzi, kiasi kwamba jirani yao Dorika, aliyekuwa anafagia upande wa pili wa ua, aliacha kufagia.

"Nimesema nilidhani umenichoka!"

Kimya kilichofuata Obadia alikisikia vizuri. Alitaka kuficha tena, akashindwa. Alimweleza mkewe yote: chozi aliyefungua mdomo bila sauti, baba yake kitini, majembe. Alimweleza kwa kirefu kuliko alivyowahi kumweleza jambo lolote tangu astaafu. Cecilia alisikiliza hadi mwisho, akafuta macho kwa ncha ya kanga yake.

"Umekwenda serikalini kushtaki ndege," alisema kwa sauti kubwa, "kabla ya kwenda hospitali."

Alhamisi ya wiki iliyofuata walipanda basi la alfajiri kwenda Singida mjini. Obadia alikuwa amevaa shati lake la kanisani. Njia nzima, kupita Ikungi na mashamba yake ya alizeti, alitazama dirishani. Alikuwa ameshajiandaa. Alikuwa hata amefikiria atawezaje kumzuia Pendo asifunge safari kuja kulia.

Tabibu wa masikio alikuwa mtu mnene mwenye mikono myepesi, jina lake Chediel. Alimkalisha Obadia kwenye kiti, akachungulia sikio la kulia kwa kitochi chake, akasema, "Aa." Akazunguka upande wa kushoto, akachungulia, akasema tena, "Aa." Obadia aliutazama uso wake kama mshtakiwa anavyoutazama uso wa hakimu.

"Baba," Chediel alimsogelea na kusema kwa nguvu, "masikio unasafisha kwa kitu gani?"

"Unyoya."

"Unyoya wa nini?"

"Wa kanga. Nauokota porini. Nafunga pamba kwenye kijiti chake."

Cecilia aligeukia ukutani, mabega yakianza kutikisika.

"Kila siku?"

"Kila ninapooga. Zamani mara moja moja. Tangu mwaka jana kila siku, kwa sababu niliona yanaziba."

Chediel akavuta kiti. Alimweleza kwamba sikio hutoa nta yake na kuisukuma nje lenyewe, na kwamba yeye, kwa kijiti chake na pamba yake, alikuwa anairudisha ndani na kuishindilia, mwaka mzima, kama mtu anayeshindilia udongo kwenye shimo la nguzo. Akamtia matone, akamkalisha kwenye benchi nusu saa, kisha akachukua bomba kubwa lisilo na sindano na maji ya uvuguvugu, akaanza kuosha.

Sikio la kulia lilikataa mara mbili. Mara ya tatu kikaanguka kwenye kibeseni kipande cheusi, kikubwa kama punje ya haragwe, na pamoja nacho ikaingia dunia.

Kwanza ilikuja sauti ya maji yakidondoka kwenye bati la kibeseni, kila tone peke yake. Kisha ndala za mtu zikapita kwenye ukumbi. Kisha kitu kikavuma juu ya kichwa, na Obadia akainua macho, akaona ni feni ya dari. Alipoingia chumbani humo aliiona inazunguka akajiuliza imetengenezwaje hadi haina mlio. Sikio la kushoto lilipofunguka, mtoto mahali fulani mbali, labda nje kabisa, alikuwa anakataa dawa.

"Umesikia?" aliuliza Cecilia.

"Mama Pendo, mbona unapiga kelele?"

"Wiki nzima napiga kelele," alisema Cecilia, kwa sauti yake ya kawaida, na Obadia akaikumbuka. Ilikuwa na mkwaruzo kidogo chini yake. Alikuwa ameisahau kabisa ile sehemu ya chini.

Hakulia. Alicheka, akashindwa kuacha, hadi Chediel naye akacheka na kumpa kitambaa cha kufuta maji yaliyomtiririka shingoni. Ule mzigo wa siku kumi na mbili ulimtoka. Alijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua gunia baada ya mlima.

Baadaye walimvisha vifaa vya kusikilizia ili kumpima, akawa anainua mkono kila aliposikia mlio. Chediel alitazama mstari kwenye karatasi kwa muda.

"Masikio yako mazuri kwa umri wako," alisema. "Ila kuna sauti nyembamba sana, zile za juu kabisa, zimepungua. Ni umri, na nadhani ni honi za treni. Hizo hazirudi. Lakini kiziwi huwi leo, wala kesho. Uje kila mwaka niyatazame. Na ule unyoya mwachie kanga mwenyewe."

"Chozi je?" aliuliza Obadia.

Chediel hakumjua chozi. Obadia alijaribu kumwigiza kwa mluzi, akapata nusu tu. Tabibu akatikisa kichwa.

"Hilo sijui, baba. Nenda ukamsikilize."

Walipotoka ilikuwa saa tano, na basi la kurudi lilikuwa la saa nane. Obadia alitaka kwenda kukaa kituoni, maana hivyo ndivyo alivyoishi, kuwahi na kungoja. Cecilia akasema ziwa liko karibu. Bajaji ikawashusha mahali ambapo mawe makubwa yanateremka hadi kwenye maji ya Singidani, na hapo Cecilia akatia mkono chini ya kanga ya akiba kwenye kikapu chake, akatoa darubini na daftari.

"Ulivitoa sandukuni?"

"Nilijua tukipewa habari nzuri utavitaka. Tukipewa mbaya, utavitaka zaidi."

Heroe walikuwa katikati ya maji, mstari mrefu wa waridi, na Obadia aliwasikia kabla ya kuinua darubini: kelele ya chini chini, kama kusanyiko ambalo kila mtu anasali sala yake. Alifumba macho. Mbayuwayu walikuwa wanapita karibu na uso wake, na kila mmoja alidondosha kisauti. Nyuma yake shore alikuwa anagomba kwenye kichaka. Aliwaandika mmoja mmoja hadi ukurasa ukajaa.

Chozi alikuwapo pia, kwenye maua ya manjano juu ya mawe. Obadia alimtazama akifungua mdomo, na safari hii mwanzo wa wimbo ulimfikia, safi, mkavu. Kisha wimbo ulipanda juu, ukapanda tena, ukampotea. Koo la ndege bado lilikuwa linatetemeka.

"Anaendelea?" aliuliza.

Cecilia alisikiliza, kichwa upande. Katika miaka yote hakuwahi kuulizwa. "Anaendelea," alisema. "Bado. Bado. Sasa ameacha."

Obadia akaandika chozi, mmoja, wimbo kamili. Lilimchoma kidogo, hilo halikatai. Lakini halikumchoma kama alivyotarajia. Akiwa bado ameshika kalamu akampigia simu Lucy, akajitambulisha, akasema anaomba kuifuta taarifa yake, kwa kuwa ndege hawakuondoka. Alieleza sababu bila kuificha, hadi kwenye unyoya. Upande wa pili Obadia alisikia wazi kwamba Lucy anajizuia kucheka.

"Cheka tu, mwanangu."

Lucy akacheka. Kisha akamwambia kuwa siku zote hizi amekuwa akimfikiria, na kwamba anaomba, kama mzee hatajali, ayasome yale madaftari yote kumi na nne, maana ofisini hakuna mtu aliyewahi kuandika ndege wa Manyoni namna ile. Obadia akasema atayaleta Jumatatu. Simu ilikuwa na mtandao mzuri sana.

Alipogeuka, darubini haikuwapo kwenye jiwe. Cecilia alikuwa ameshuka hadi karibu na maji, ameishika kwa mikono miwili, viwiko vimenyanyuka, kitambaa cha kichwa kimeteleza hadi kisogoni.

"Baba Pendo, njoo. Kuna mmoja hapa ana miguu mirefu myekundu. Anatembea kama amevaa viatu vya watu."

Obadia akashuka polepole, akisikia kokoto chini ya soli zake. Alimweleza kwamba ndege yule hula wadudu wa kwenye tope, na kwamba jike hutagia chini, peupe kabisa. Akanyoosha mkono kupokea darubini. Cecilia hakumpa.

"Ngoja kwanza. Na yule mweupe?"

"Yangeyange."

"Na wale wawili waliojificha?"

"Hao siwaoni bila darubini, Mama Pendo."

"Basi ngoja nikuambie walivyo."

Akaanza kumwelezea, rangi ya kichwa, rangi ya mgongo, namna mmoja anavyomsukuma mwenzake, na Obadia akafungua ukurasa mpya na kuandika alichoambiwa. Basi la saa nane walilisikia likipiga honi juu barabarani, wote wawili. Lilikuwapo jingine saa kumi.